Kunguru Wawili, Jina Moja

Ndugu msomaji, kama umewahi kusoma hadithi yako mbele za watu, unalijua joto lake. Mdomo unakauka, karatasi inatetemeka, na kila anayekohoa unadhani anakucheka. Mimi joto hilo lilinipata Jumamosi moja chini ya mwembe, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye kijiwe chetu cha waandishi chipukizi. Tulikuwa vijana tisa na mzee mmoja. Mzee huyo ni mwalimu mstaafu, mwenyeji wa Pangani, na hupenda kuja kutusikiliza. Hasemi sana. Anakaa kwenye kigoda, kofia yake ya kiua juu ya goti, macho ameyafumba nusu.

Hadithi yangu ilihusu Pangani ya mwaka 1888, wakati watu wa pwani walipoinuka pamoja na Abushiri kuwapinga Wajerumani. Niliihangaikia miezi mitatu. Ilianza hivi: ni alfajiri, mji umenyamaza, na juu ya paa la makuti kunguru mwenye shingo ya kijivu anamwangalia mwanamke anayefunga mzigo wake, tayari kukimbia. Kile kisentensi nilikipenda, we acha tu. Nikakisoma taratibu ili kiwaingie.

"Kijana, hebu simama hapo kwanza," mzee akasema. "Huyo kunguru wako umemtoa wapi?"

"Juu ya paa, Mzee," nikajibu. Wenzangu wakaangua kicheko.

"Kwamba yuko juu ya paa nimesikia. Nakuuliza, amefikaje Pangani mwaka huo? Huyo wa shingo ya kijivu alikuwa bado kwao, India. Aliyekuwepo Pangani ni yule mwenye singlendi nyeupe."

Basi kicheko kikahamia kwangu. Mshikaji mmoja akasema eti nimemleta kunguru kwa ndege kabla ya ndege kubuniwa. Nikacheka nao, lakini moyoni niliumia. Nilikuwa nimechunguza majina ya mitaa, nguo, bunduki, hata chakula. Kunguru sikumchunguza. Kwa nini nimchunguze? Kunguru ni kunguru! Nimezaliwa nikamkuta, nimekua namwona, namchukia kwa sababu zangu, na siku zote nilidhani namjua.

Sababu zangu ni hizi. Mama alikuwa anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Kuku hao ndio waliokuwa daftari zetu na sare zetu. Siku moja, nikiwa darasa la tano, aliniachia vifaranga kumi na mmoja niwaangalie wakati yeye ameenda sokoni. Nikaingia ndani kunywa maji. Sikukaa hata dakika tano. Niliposikia mtetea analia nikatoka mbio, na nilichokuta ni kunguru wamejaa uani kama wamealikwa, mmoja yuko juu ya ukuta na kifaranga mdomoni. Walibaki wanne. Mama aliporudi hakunichapa. Alihesabu, akahesabu tena, akasema, "Haya." Ile "haya" sijaisahau mpaka leo. Kwa hiyo nilipoandika kunguru katika hadithi ya vita, nilimchukua yule adui wa uani kwetu nikamrudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja, bila kumuuliza kama alikuwepo.

Wiki ile nikaenda kusoma. Nataka nikueleze niliyoyakuta, kwa sababu nina hakika wengi wetu tuliokulia mjini tuko kwenye kosa lile lile.

Tuanze na ukoo. Kunguru hawa wawili ni ndugu wa karibu kabisa. Wote wako katika jenasi moja, Corvus, na familia moja, Corvidae. Halafu kuna jambo lililonishangaza: familia hiyo imo ndani ya oda ya Passeriformes, oda ile ile ya shomoro, mnana na chozi. Yaani kunguru, pamoja na sauti yake ya bawaba isiyotiwa mafuta, kwa mujibu wa wataalamu yumo katika kundi moja na ndege waimbaji. Ukimwambia hivyo mtu aliyeamshwa na kunguru saa kumi na moja alfajiri, atakuona huna akili.

Wa kwanza, mwenyeji wetu, anaitwa Corvus albus. Alipewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1776 na Mjerumani Statius Müller. Albus ni Kilatini, maana yake nyeupe. Ni ndege mweusi mwenye kifua cheupe, na weupe huo unapanda mabegani ukazunguka nyuma ya shingo. Ndiyo singlendi aliyoisema mzee. Ni mkubwa, urefu wake karibu sentimita 46 hadi 50, na uzito wake ni kama nusu kilo.

Wa pili, mgeni, ni Corvus splendens. Huyu alipewa jina mwaka 1817 na Mfaransa Vieillot. Splendens maana yake anayemeta. Nilipolisoma jina hilo nilikasirika kidogo, nikamkumbuka yule wa ukutani na kifaranga chake. Lakini kesho yake asubuhi nilimtazama mmoja akiwa kwenye waya wa umeme jua linapochomoza, na lazima niseme kweli: alikuwa anameta. Mweusi wa kung'aa, na shingo na kifua vyenye rangi ya jivu la mkaa. Ni mdogo kuliko mwenzake. Ana sentimita 40 tu, na uzito wake ni kama gramu 300. Mdogo ndiye aliyemfukuza mkubwa. Hilo nalo lilinifikirisha.

Sasa tuje kwenye makazi, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Kunguru wa singlendi nyeupe ni ndege wa Afrika. Anaishi karibu kote kusini mwa Sahara, na pia Madagaska na Komoro. Utamkuta penye nyasi, mashambani, pembeni mwa vijiji, mijini vilevile. Hujenga kiota juu ya mti mrefu au nguzo ya umeme, yeye na mwenzi wake, na hapendi majirani wa karibu. Anakula chochote: wadudu, nafaka, panya, mizoga, mayai, takataka. Anaweza kuishi na sisi, na bila sisi pia anaweza.

Mgeni hawezi. Kunguru wa shingo ya kijivu anatoka India, Pakistani, Nepali, Bangladesh, Sri Lanka na nchi za jirani. Popote alipo, iwe kwao au ugenini, yuko na binadamu. Hutamkuta katikati ya msitu usiokaliwa na watu. Kiota chake yuko radhi kukisuka kwa vipande vya waya, na mwembe mmoja unaweza kubeba viota kadhaa vya majirani. Jioni wanakusanyika kwa mamia kulala pamoja, na kelele zake unazijua. Chakula chake ni mabaki yetu, juu yake mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya mama.

Amefikaje? Hapa ndipo nilipokaa kimya muda mrefu na kitabu mkononi. Aliletwa. Miaka ya 1890, baada ya Zanzibar kuwa chini ya himaya ya Waingereza, watawala waliona mji una taka nyingi. Wakamleta kunguru huyu kutoka India ili ale taka, asafishe mji. Aliajiriwa, bwana! Mwaka 1917, miaka isiyozidi thelathini baadaye, huko huko Zanzibar alikuwa ameshatangazwa kuwa ndege mharibifu. Kazi aliifanya, lakini aliifanya kupita kiasi, akazaa, akavuka bahari. Mombasa alionekana mwaka 1947. Pwani yetu yote leo ni yake, na amekuwa akipanda bara, mji kwa mji.

Na si kwetu tu. Ndege huyu anajua kupanda meli bila tiketi. Kwa njia hizo, za kuletwa na za kudandia, amefika Aden, Port Sudan, Djibouti, Durban na Cape Town. Mwaka 1994 wawili walionekana Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, kwenye baridi yote ile. Wakazaana.

Kitu kimoja hakusafiri nacho: adui yake. Kwao India yuko ndege wa jamii ya kekeo anayeitwa koeli. Koeli hajengi kiota. Anataga katika kiota cha kunguru, na kunguru anahangaika kulea mtoto asiye wake. Kwa hiyo si kila kiota cha kunguru kinatoa kunguru watupu. Kunguru wetu wa asili naye ana kekeo wake wa Kiafrika, mwenye madoa, anayemfanyia mchezo huo huo. Mgeni alipopakiwa melini, koeli alibaki nyumbani. Fikiria mtu anayehamia mji ambao hana mdai hata mmoja, na chakula kinamwagwa barabarani kila siku. Angeondoka?

Mwenyeji wetu akaanza kupungua. Wageni wanakuja kwa kundi, yeye yuko na mkewe tu. Wanamzonga, wanamfukuza kwenye chakula, wanamsumbua kwenye kiota. Zanzibar na miji ya pwani, mahali alipokuwa wa kawaida, akawa wa kutafuta. Mimi nimekulia Magomeni, na mpaka nilipokuwa mtu mzima sikuwahi kumwona hata mmoja. Nilichokuwa nacho ni jina lake tu, na jina lenyewe nilikuwa nimempa mwingine.

Hili la jina ndilo lililoniuma kama mwandishi. Neno kunguru lilikuwepo pwani hii kabla ya mgeni kuja. Mgeni alipofika hakuhitaji jina jipya, alilichukua la mwenyeji kama mtu anayehamia nyumba yenye vyombo ndani. Leo ukisema "kunguru mwoga hukimbiza bawa lake" au "kunguru hafugiki", kijana wa Dar anamwona nani kichwani? Anamwona yule wa shingo ya kijivu. Methali imebaki, ndege amebadilishwa, na hakuna aliyesikia hata mlio wa mlango.

Nikasema, basi nitazame hali yake ya uhifadhi, lazima imeandikwa kwamba yuko hatarini. Nikatafuta katika Orodha Nyekundu, ile ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Orodha hiyo inawapanga viumbe kwa makundi, kuanzia wale waliokwisha kutoweka kabisa hadi wale ambao hali yao haitii wasiwasi. Nikamtafuta mgeni: yuko katika kundi la mwisho, la wasiwasi mdogo. Hilo nililitarajia. Nikamtafuta mwenyeji: naye yuko hapo hapo! Kundi moja, bila alama ya kuwatofautisha.

Mwanzoni nilidhani wamekosea. Kumbe hawakukosea. Orodha ile inauliza swali moja: je, aina hii ya ndege iko katika hatari ya kutoweka duniani? Kwa kunguru wa singlendi nyeupe jibu ni hapana. Afrika ni kubwa na yeye ameenea. Tena kusini magharibi ya Afrika Kusini ameongezeka. Nguzo za umeme zimempa mahali pa kujenga viota palipokuwa hapana miti, na joto lililoongezeka limempendelea. Huko wapo wanaomlalamikia kwamba anakula vitoto vya kobe. Kwa hiyo mwenyeji naye si malaika. Mpe nafasi uone.

Lakini Orodha Nyekundu haikuulizwa habari za Magomeni. Haisemi kama mtoto wa Dar atamwona ndege wa methali zake bila kupanda basi. Aina nzima inaweza kuwa salama duniani, na wewe ukawa umeipoteza mtaani kwako. Nilikuwa nadhani kutoweka ni neno la vifaru na tembo. Sikujua kwamba ndege anaweza kutoweka kwenye paa lako huku dunia nzima inasema hakuna tatizo, na inasema kweli.

Watu hawakukaa bure. Zanzibar kulikuwa na kampeni kubwa ya kuwapunguza katika miaka ya 1990. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2010, ilitumika mitego na sumu. Januari 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru hawa milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Sisemi wamekosea. Aliyepoteza vifaranga saba kwa dakika tano hawezi kusimama hapa akajifanya wakili wa kunguru. Lakini ile hesabu ya 1890 bado inanisumbua. Aliletwa kwa sababu ya taka. Leo anauawa, na taka je? Pita nyuma ya soko lolote saa mbili usiku uniambie. Ukiwaua nusu, nusu waliobaki wanapata chakula mara mbili. Mwajiri anamfukuza kibarua na huku sufuria kaiacha wazi jikoni.

Mwaka jana nilikwenda Dodoma kwenye harusi ya binamu yangu. Nilishuka basi nimechoka, shingo imekakamaa, natafuta chai. Pembeni mwa kibanda cha chai palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo wamekaa ndege wawili. Nilidhani wameshika kitu cheupe. Nikatazama vizuri. Singlendi.

Ndugu msomaji, sijui nikueleze vipi. Nilisimama pale na begi begani mpaka mama wa chai akaniuliza, "Kaka, umepotea?" Nikamwambia, "Hapana dada, naangalia kunguru." Akawatazama, akanitazama mimi. "Kwani kwenu hakuna?" Nilitaka kumjibu kwamba kwetu wamejaa, nikajikuta sina jibu. Mmoja akatoa sauti, nzito kuliko nilivyozoea, akaruka. Mwenzake akamfuata. Hakukuwa na kundi wala kelele. Walikuwa wawili tu, na nafasi kubwa ya mbingu katikati yao.

Usiku ule, harusini watu wanacheza, mimi nikawa naiandika upya hadithi yangu kichwani. Nilifikiri nitabadilisha neno moja, kijivu iwe nyeupe, yaishe. Ikawa haiwezekani. Kunguru wangu wa zamani alikuwa amekuja na kundi lake lote kwenye aya zilizofuata. Walipiga kelele, waligombea mabaki, walijaa kwenye miti ya mji mzima. Wale walikuwa kunguru wa Dar ya leo. Pangani ile ilikuwa na jozi moja juu ya mnazi, na ukimya. Yule mwanamke alikuwa anafunga mzigo wake katika ukimya, akisikia kila kamba inavyokaza. Nilifuta kurasa nne. Nikirudi kijiweni nitaisoma tena, na mzee akisema "simama hapo" nitasimama.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama habari hizi zote, za India na Waingereza, koeli na Orodha Nyekundu. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Na huyo wa singlendi, hali vifaranga?"

Ningependa kusema hali. "Anakula, mama. Akimpata anamla."

"Basi wote walewale."

"Hapana, mama. Huyo angekuja mmoja, au yeye na mkewe. Wale walikuja arobaini."

Akafikiri, mkono umesimama kwenye ungo. "Mmoja ningemfukuza," akasema. Kisha akaniambia nikawafunike vifaranga kwa tenga kabla jua halijazama, na nikimaliza nihesabu. Nikaenda. Walikuwa tisa, wote wapo. Juu ya ukuta, shingo ya kijivu, mmoja alikuwa ananitazama.